Kilima Kisichopata Mvua Jumapili

Kila jioni, kabla hata hajavua viatu, Mama Viraka huulizwa swali lile lile. Mama yake huwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni, shuka imefunika magoti, redio ikijisemea peke yake. Akisikia binti yake anahangaika na komeo la geti, hupunguza sauti ya redio.

"Leo amesoma ngapi?"

"Milimita nne, Mama."

"Nne tu? Na wingu lote lile la asubuhi?"

"Lile ni la huku kwetu. Yeye yuko kilimani."

"Haya."

Na redio hupandishwa tena, na mambo ya chakula huanza.

Anayesemwa hapo ni Kitinda, mtoto wa mwisho wa nyumba hiyo, mpimaji wa mvua. Na Kitinda amekufa. Amekufa mwaka wa tatu huu, na hao hao wawili walisimama kaburini mpaka udongo wa mwisho. Usidhani bibi kizee amechanganyikiwa. Akili yake ni nzima kuliko yangu na yako, na ukimdanganya umri wako atakutajia mwaka uliozaliwa na mkunga aliyekupokea. Anajua vizuri kwamba mwanawe hayupo. Anauliza tu, na akiulizwa kwa nini anauliza, hukasirika.

Sasa wacha nieleze tarakimu hizo zinatoka wapi, maana hapo ndipo penye kazi.

Mama Viraka ni mtumishi wa ofisi ya hali ya hewa, kitengo cha takwimu, ghorofa ya pili, katika chumba chenye madirisha yaliyogoma kufunguka na feni moja inayozunguka kwa kulalamika. Kazi yake ni kujaza siku tupu. Vituo vya mvua ni vingi, na kila kimoja kina shida zake: mpimaji anaugua, chombo kinaibiwa, mtandao unalala, na siku inafika ofisini bila tarakimu. Watafiti wa tabianchi hawawezi kula siku tupu, kompyuta zao zinazikataa. Kwa hiyo programu anayoitunza yeye hutazama vituo jirani, hutazama picha za setilaiti, hutazama jinsi kituo chenyewe kilivyokuwa kikisoma zamani, kisha hukisia. Darasa la kwanza alilofundisha kazi hiyo aliliambia kwamba huku ni kutia viraka, na kiraka kizuri ni kile ambacho hata mvaaji hakioni. Toka siku hiyo akawa Mama Viraka, na jina likamganda. Kitinda peke yake ndiye aliyemwita Dada.

Kituo kikifa, lazima kifungwe. Ndani ya mfumo wao kuna maneno mawili: "kimya" na "kimefungwa". Kilichofungwa huachwa kipumzike. Kilicho kimya huhesabiwa kuwa kitarudi, na kila asubuhi mashine hukijazia mvua yake ya kukisia.

Kituo cha kilimani kilikuwa kwenye ua wa zahanati. Kitinda alikuwa karani wa zahanati hiyo, akilala kwenye chumba cha nyuma, na kupima mvua ilikuwa kazi ya kujitolea ambayo dada yake alimbembeleza aichukue. Siku kilima kilipoporomoka kilichukua zahanati, chumba, kipimamvua na nyumba nyingi za chini yake. Kituo kilitakiwa kufungwa wiki ile ile. Mwenye idhini ya kukifunga alikuwa Mama Viraka, naye alikiacha kimya.

Hakupanga. Wiki chache baada ya mazishi alifungua kompyuta asubuhi, akateremka kwenye orodha kama kawaida yake, akakuta mbele ya kituo cha kilimani: milimita sita. Alijua ni hesabu tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifundisha mashine kuhesabu. Lakini moyo ulimruka. Jioni hiyo alimkuta mama yake hajala tangu jana. Akasema, bila kujua anasema nini:

"Kilimani leo imenyesha sita."

Mama akainua uso. "Nani kasoma?"

"Mashine."

"Mashine imejuaje?"

"Ilijifunza kwa Kitinda."

Bibi kizee akaomba chakula.

Basi ndivyo mchezo ulivyoanza, kama tutauita mchezo. Ungeishia hapo, pengine ungewatoka wenyewe taratibu. Kilichowanasa ni Jumapili.

Kitinda alikuwa mtu wa bidii siku sita. Ya saba hapatikani. Kipimamvua husomwa kila asubuhi saa tatu, mvua inyeshe isinyeshe, lakini Jumapili saa tatu Kitinda alikuwa amejifunika gubigubi. Akiamka aliandika sifuri, na Jumatatu alimimina maji ya siku mbili akayaandika yote kwa mkupuo mmoja. Dada yake alimgundua mapema, akampigia simu.

"Wewe, mvua ya huko kwenu ina dini gani? Mbona haifanyi kazi Jumapili?"

"Dada, hata mvua ina haki ya mapumziko."

Alimgombeza, akaahidi, akalala tena. Miaka ikapita hivyo. Na mashine, iliyojifunza kituo hicho kwa tarakimu zake, ilimeza na uvivu wake. Siku Mama Viraka alipoona kwamba Jumapili zote tangu mazishi zilikuwa sifuri, na Jumatatu zote zimebeba mzigo wa siku mbili, alizihesabu upya tangu mwanzo. Hakuna mtu aliyeiambia mashine ifanye hivyo. Vituo jirani vilipata mvua Jumapili, kilima peke yake kikawa kikavu. Ilikuwa yeye kabisa. Alisukuma kiti nyuma akaenda kusimama koridoni, penye watu.

Alipomsimulia mama yake, bibi kizee alicheka mpaka machozi. "Mwanangu mvivu," alisema. "Hata huko amepata pa kulala." Lakini tangu hapo, Jumapili haulizi. Husema mwenyewe, "Leo amelala," na asubuhi nzima hupika bila kugonganisha sufuria. Mama Viraka naye, mtu mzima mwenye shahada yake, hutembea ndani ya nyumba kwa kunyata. Wakati mwingine, akipita chumba cha nyuma cha hapo nyumbani, kilichojaa magunia na baiskeli mbovu, huhisi kabisa kwamba kuna mtu anapumua mle ndani. Anaogopa. Tena anaogopa zaidi siku asipohisi.

Na kuna jambo jingine ambalo bibi kizee alilishika kwa mikono miwili. Kilima kiliporomoka Jumapili, asubuhi. Kitinda alikutwa ndani ya chumba chake, mablanketi na mbao za kitanda zikiwa juu yake. Kila aliyekuja kutoa pole alisema lile lile: angalau alikuwa usingizini, hakujua kitu. "Hakujua kitu," mama alirudia, na analirudia mpaka leo. Binti yake hujibu, "Ndiyo, Mama."

Mwaka huu mradi mkubwa wa utafiti ulikuja pale ofisini, wa mvua kubwa na milima, na ndani yake mafunzo ya wiki nzima. Washiriki walitoka idara za maji, kilimo, barabara na makazi. Ukumbi ulitandazwa nyaya kila mahali, projekta ikakorofisha siku ya kwanza, chai ikachelewa siku zote. Mama Viraka alipewa somo lake la siku tupu. Zoezi lilikuwa hili: kila mmoja achukue kituo, ajaze siku zake, atafute siku yenye mvua kubwa kuliko zote, kisha akipake rangi kwenye ramani. Kijani ni pa salama, nyekundu ni pa hatari. Na halikuwa zoezi la kuchezea. Ijumaa jioni ramani hiyo ilikuwa inakwenda ofisi ya makazi, ambako wangeamua ni vilima vipi watu waruhusiwe kurudi kujenga. Waliotoka kilima cha Kitinda wamekuwa wakiishi kwenye mahema na vyumba vya ndugu tangu maporomoko, na wamechoka.

Kituo cha kilimani kilichukuliwa na mpima ardhi wa idara ya makazi, jamaa mrefu, mchangamfu, mwenye sauti ya kusikika barabarani. Alhamisi, katikati ya kipindi, akanyoosha mkono.

"Mama, samahani. Hapa kwangu pana maajabu. Kilima hiki hakipati mvua Jumapili."

Darasa likacheka.

"Mpimaji wake hulala Jumapili," akasema Mama Viraka.

"Mpaka leo?"

Angeweza kusema. Mdomo ulikwisha funguka. "Mpaka leo," akajibu.

"Na hamjamfukuza!"

"Anajitolea. Utamfukuzaje mtu anayejitolea?"

Wakacheka tena, naye akacheka nao.

Mwanamke wa idara ya maji, aliyekaa mbele, hakucheka. "Si ndiko kulikoporomoka? Hebu tazama siku ile palinyesha ngapi."

Mpima ardhi akateremsha kidole kwenye skrini. "Sifuri. Ilikuwa Jumapili."

"Sifuri?"

"Sifuri. Na Jumatatu yake mvua ya siku mbili, ya kawaida tu." Akajiegemeza nyuma, mtu aliyepata jibu. "Basi si mvua iliyokiangusha. Itakuwa yale machimbo ya mawe ya chini yake, sisi tuliyasema tangu zamani. Na machimbo yameshafungwa." Akabonyeza, na kilima kikawa kijani mbele ya watu wote. "Hawa watu waambiwe habari njema. Wanarudi nyumbani."

Mama Viraka aliomba radhi akatoka. Alikwenda mpaka mwisho wa koridoni, kwenye tangi la maji ya kunywa, akasimama hapo.

Yeye alikuwa anajua mvua ya siku ile. Asubuhi hiyo, saa tatu kamili, simu yake iliita.

"Dada, uko macho?"

"Wewe ndiye uko macho? Leo si Jumapili?"

"Usinicheke. Imenyesha tangu jana haijavuta pumzi, hata usingizi umenipaa. Nimetoka kupima, chombo kimejaa mpaka kinamwagika pembeni. Niandike nini?"

Nyuma ya sauti yake mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, ikabidi wapigiane kelele. Dada alimpa jibu wanalofundishwa wapimaji wote: kilichofurika hakipimiki. Ukiandika yaliyomo umedanganya, maana hujui yaliyomwagika.

"Acha wazi. Usiandike tarakimu yoyote."

"Niache wazi? Halafu kesho uniambie nililala!"

"Sitakuambia hivyo."

"Umeahidi. Haya, ngoja nikabadili nguo, nimelowa chapachapa."

Simu ikakatika. Alidhani ni mtandao. Siku tatu baadaye, alipoitwa kumtambua, aliona mguu wa kushoto wa mdogo wake umevaa buti la mpira. Nani analala na buti? Lakini mama yake alikuwa nje kwenye benchi, ameshikiliwa na majirani, anasema hakujua kitu, mwanangu, hakujua kitu. Akatoka akamkumbatia. Habari ya simu akaimeza, na ya buti pia.

Hivyo Jumapili moja tu katika maisha yake Kitinda aliamka, akatoka kwenye mvua, akafanya kazi yake sawasawa, akaacha siku wazi kama alivyoelekezwa. Na mashine ya dada yake ikaja nyuma, ikaziba kwa kiraka kisichoonekana, ikaandika kwamba alikuwa amelala.

Ijumaa asubuhi aliingia kwa mkuu wa kitengo, mtu mwema lakini mwoga wa maswali.

"Nataka kukifunga kituo cha kilimani. Tangu siku ile ya maporomoko."

"Leo? Ramani inaondoka jioni! Utaniachia tundu katikati ya ramani. Wafadhili watauliza."

"Waulize. Na siku ile yenyewe nataka iandikwe kwamba chombo kilifurika."

"Nani anasema kilifurika?"

"Mpimaji. Alinipigia simu."

"Mpimaji gani, huyu anayelala?"

"Huyo huyo. Siku hiyo aliamka."

Mkuu alikuwa amekuja mazishini. Alikumbuka polepole, na uso wake ukabadilika. Akavua miwani. "Dada yangu," alisema, na hakuwa amewahi kumwita hivyo, "miaka yote hiyo ulikuwa unakaa nalo wapi jambo hili?"

Kisha mkuu akasema, "Kafanye."

Alingoja wenzake waende chakula cha mchana. Ukumbi ulibaki na feni na viti vilivyosukumwa ovyo. Akafungua orodha. Kituo cha kilimani, leo asubuhi: milimita saba. Alirudi nyuma kidogo, Jumapili sifuri, Jumatatu kumi na mbili, Jumapili sifuri, akawa anajisomea kwa sauti ya chini. Alimwomba radhi. Alisema, "Kitinda, inatosha sasa," peke yake, mbele ya kompyuta, na kama kuna aliyepita mlangoni akamwona mwendawazimu, shauri yake. Kisha akabadili "kimya" ikawa "kimefungwa".

Mashine ikauliza kama ana uhakika. Ilikuwa inawauliza watu wote swali hilo, kwa kila kitu, lakini mchana ule lilimuuma. Akabonyeza ndiyo.

Tarakimu zilianza kufutika kutoka chini kwenda juu, bila haraka. Mwezi huu ukaondoka, ukaondoka uliopita, mwaka ukafuata. Akasikia wazi kabisa, nyuma yake, kiti kikiburutwa, mtu anayeinuka. Hakugeuka. Alijua kwamba akigeuka ataona viti tu, na hakutaka kuona viti. Safu ilipofika kwenye Jumapili ile ikasimama, nyeupe. Pembeni yake akaandika: "Mpimaji alikuwepo. Chombo kilifurika. Haikupimika." Akatia jina lake kuwa shahidi.

Mchana aliwaonyesha darasa. Aliwaeleza kwamba siku tupu si zote ni sawa. Nyingine ni tupu kwa sababu mtu aliugua au waya ulikatika, na hizo jazeni. Lakini nyingine ni tupu kwa sababu mvua ilikuwa kubwa kuliko chombo, na anayeijaza hiyo kwa wastani wa majirani anaifuta mvua yenyewe. Kilima cha kijani hakikuwa cha kijani.

Mpima ardhi alikuwa ameinama. "Watatuchukia," akasema. "Tulishaanza kuwaambia wanarudi."

"Watuchukie wakiwa hai."

"Huyu mpimaji, Mama, hatuwezi kumwita aje aeleze mwenyewe? Akiwaambia yeye watamsikia."

"Amefariki," akasema Mama Viraka. Tangu siku ya mazishi neno hilo halikuwa limemtoka mdomoni. "Asubuhi hiyo hiyo. Ni mdogo wangu."

Yule mrefu, mwenye sauti ya kusikika barabarani, alisema pole kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia, akavuta kompyuta yake, akakipaka kilima nyekundu.

Jioni komeo la geti lilimsumbua kuliko siku zote. Redio ikapunguzwa.

"Leo amesoma ngapi?"

"Hajasoma, Mama."

"Leo si Jumapili."

"Najua."

Akavuta kigoda akaketi mbele yake, viatu mguuni. Akamwambia. Alianzia kwenye ramani na watu wa mahema, akamalizia kwenye simu: kwamba siku ile Kitinda aliamka, kwamba alitoka akapima, kwamba chombo kilifurika naye akaacha wazi. Kwamba kituo amekifunga mchana huu, na kesho hakutakuwa na tarakimu, wala keshokutwa. Habari ya buti hakuitaja. Aliona mzigo huo auache kwake.

Mama yake alinyoosha mkono akaizima redio. Sijui kama ilikuwa imewahi kuzimwa.

"Alikuwa macho."

"Alikuwa macho, Mama."

"Na wewe miaka yote unaniacha niseme alikuwa usingizini."

"Nilikuona umetulia."

"Nani kakwambia nimetulia?" Kwa mara ya kwanza tangu mazishi binti yake aliona machozi ya uchungu yakimshuka. Hakuyafuta. "Mimi namwota. Sijakuambia, maana ungenipeleka hospitali. Namwota kila siku, na hajalala hata mara moja. Amesimama hapo mlangoni, amelowa, buti moja mguuni, mguu mwingine mtupu. Ananiuliza, 'Mama, niandike nini?' Namwambia, baba, mimi mambo yenu hayo siyajui, kamuulize dada yako. Haendi. Anasimama tu."

Mama Viraka aliangalia mlango. Hapakuwa na kitu, ila sakafu.

"Alishaniuliza, Mama," akasema. "Na leo nimemwandikia."

Wakalia wote wawili, kigodani na kitini, wameshikana mikono, chakula kikaungua jikoni na hakuna aliyeinuka.

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mama Viraka aliamshwa na kelele za jikoni: sufuria zinagongana, mfuniko umeanguka, mama yake anaulaumu mfuniko kwa sauti ya juu. Alibaki kitandani akisikiliza. Chumba cha nyuma hakikupumua.